Kiraka cha Kumi na Saba

Katika Kituo cha Mioyo, mfanyakazi akifa, nguo zake hugawanywa na ndugu zake. Wenzake wa ofisini hugawana malengo yake.

Desturi hiyo ilianza zamani, wakati ofisi ilikuwa na wasanidi programu watatu na meza mbili. Kila Jumatatu ya kwanza ya Januari kila mmoja aliandika kwa mkono malengo yake saba ya mwaka, akaibandika karatasi ukutani juu ya kompyuta yake, ili wenzake wapate cha kumchekea ifikapo Desemba. Mtu akihama au akifariki, karatasi yake ilibanduliwa na kusomwa kwa sauti, na waliobaki wakachukua kila mmoja lengo lake. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeianzisha. Ilikuwa tu hivyo, kama watu wanavyovua viatu mlangoni.

Januari ya mwaka 2076 ilibanduliwa karatasi ya Asumwike Mwasomola. Alikuwa amefariki Novemba, kwa ugonjwa wa siku nne, akiwa na miaka arobaini na mitano. Aliyesoma ni mkuu wa kitengo, Lwidiko Sanga, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Tusekile, mdogo wake marehemu, aliyefanya naye kazi meza kwa meza kwa miaka kumi na minne, alikaa karibu na dirisha akitazama ukungu ukishuka mlima Loleza.

"La kwanza," Sanga alisema. "Kunywa maji kabla ya chai. Nani?"

"Nipe mimi," alisema Gwamaka wa mitambo, ambaye alikuwa na mvi nyingi kuliko wote. "Figo zangu zimeanza kunisema."

"La pili. Kujifunza lugha mpya ya programu, na safari hii kuimaliza."

"Hilo mzikeni naye," mtu alisema kutoka nyuma. "Alilianza mara sita."

Watu walicheka kidogo, kisha wakamtazama Tusekile waone kama wamekosea. Alikuwa ametabasamu, basi wakapumua. La tatu lilikuwa kutojibu ujumbe wa Sanga siku ya Jumapili. Sanga alilisoma bila kubadili sauti, akasema hilo atalichukua mwenyewe, atajitahidi asiutume. La nne, la tano na la sita yakapata wenyewe.

"La saba. Kiraka cha kumi na saba kiondoke."

Hapo hakuna aliyecheka, ingawa zamani ndilo walilolicheka kuliko yote. Lengo hilo lilikuwa kwenye karatasi ya Asumwike kwa miaka minane mfululizo, daima la mwisho, daima kwa maneno yale yale. Gwamaka alikuwa akimwambia, "Hicho si kiraka, bwana, hiyo ni ndoa." Naye Asumwike alijibu, "Mwaka huu naitoa talaka." Kisha akainama kwenye kompyuta yake.

"Hilo langu," Tusekile alisema.

*

Ofisi ile iliishi kwa viraka. Mfumo ulikuwa na umri wa miaka ishirini, umeandikwa na watu wa nchi tatu ambao hawakuwahi kuonana, na palipopasuka palishonwa. Kiraka cha pili kiliwawezesha watu wenye majina kama Ng'wandu kuandikishwa, kwa kuwa mfumo ulipokiona kile kialama cha juu ulidhani jina limekwisha. Kiraka cha tisa kiliusubirisha mtambo sekunde nne kila alfajiri. Kwa nini nne, hakuna aliyejua; tatu zilikuwa chache na tano zilileta balaa. Kimoja hakikuwa hata programu, kilikuwa kikombe cha bati chenye maua. Jedwali kuu likifunguliwa na watu wawili kwa pamoja liliganda, hivyo aliyeshika kikombe ndiye peke yake aliyeruhusiwa kulifungua. Wageni walishangaa kuona watu wazima wakiombana kikombe kitupu.

Kila kiraka kilibeba maelezo ya mistari mitatu: nani alikishona, kwa nini, na kiondoke lini. Mstari wa tatu ndio uliokuwa muongo siku zote.

Sasa mfumo mpya ulikuwa unakuja. Tarehe ishirini Machi ungechukua kazi yote, nao haukukubali kiraka kisichotangazwa. Kila kilichobaki kilipaswa kuandikwa kwenye orodha ya wakaguzi, kwa jina na sababu, la sivyo kiondolewe. Tusekile aliviondoa kimoja kimoja. Kufikia katikati ya Februari alikuwa amebakiza vitano, na cha kumi na saba alikuwa bado hajakifungua. Kusoma msimbo wa mtu ni kumsikia akiwaza, na sauti ile alikuwa hajawa tayari kuisikia. Miezi mitatu ilikuwa imepita na bado kuna asubuhi aligeuka kushoto kumwuliza jambo.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa Februari alishika kikombe, akalifungua jedwali kuu, na kuziuliza betri zote swali moja la majaribio: leo ni tarehe ngapi?

Betri hizo ziliwekwa vifuani mwa watu baada ya homa ya 2054, ambayo ilipita kama mafua ya kawaida na kuacha mioyo iliyochoka. Kidude kikubwa kama ganda la njugu kiliusukuma moyo uliosahau kupiga. Kila alfajiri, mwenye nayo akiwa bado kitandani, betri ilituma kumbukumbu zake Kituoni na kuuliza tarehe, nacho Kituo kikaijibu. Tarehe ilikuwa na maana. Betri iliruhusiwa kufanya kazi miaka kumi na miwili. Ulipokwisha mwaka wa kumi na mbili, ilianza kujipumzisha, ikipunguza nguvu kidogo kidogo kwa siku thelathini hadi isimame. Waliobuni walitaka hivyo ili mtu asikae na betri iliyochakaa kwa uvivu wa kwenda hospitali. Hawakufikiri kwamba siku moja mtu angekwenda hospitali akute hakuna nyingine ya kumfaa.

Majibu yalirudi. Betri elfu nne na mia tisa zilisema ni tarehe ishirini na tisa. Betri mia mbili na mbili zilisema ni tarehe ishirini na nane.

Tusekile aliuliza tena. Jibu lilikuwa lile lile: watu mia mbili na wawili walikuwa bado wako jana. Akafungua safu ya mwaka, ambayo hakuna aliyewahi kuitazama kwa sababu mwaka kila mtu anaujua. Mbele ya zile mia mbili na mbili paliandikwa 2067.

"Tuse," Gwamaka aliita kutoka mezani kwake. "Kikombe hicho umekishika saa nzima. Unakunywa nini humo?"

"Nipe dakika tano, kaka."

"Ulisema hivyo saa mbili."

Mwaka 2067 haukuwa na tarehe ishirini na tisa Februari. Aliyewaficha watu hao ndani ya mwaka huo alifika siku isiyokuwepo, akalazimika kuwapa jana mara ya pili. Mwaka 2068 alifanya hivyo, na mwaka 2072, na sasa mwenyewe hayupo, kazi yake ilikuwa imefanya tena bila kuambiwa. Tusekile alijua ni nani kabla hajafungua.

Kiraka cha kumi na saba kilikuwa na mistari kumi na mmoja, safi kama kitanda kilichotandikwa. Kikikuta betri ya kundi la kwanza, kiliijibu kwa siku na mwezi wa kweli na mwaka 2067. Kila Desemba ilipokwisha, kiliirudisha Januari ile ile. Kwa betri hizo mwaka wa kumi na mbili haukuwahi kwisha. Juu yake palikuwa na maelezo:

Nani: A. Mwasomola.
Kwa nini: Kundi la kwanza, watu 213. Waya zao hazikubali betri mpya. Kubadili waya ni kuupasua moyo. Watatu kati ya kumi hawatoki.
Kiondoke lini: Viunganishi vikifika. Wamesema Agosti 2068.

Viunganishi havikufika. Kiwanda kilifungwa. Tusekile alishuka kwenye orodha ya majina, na kwenye mstari wa themanini na nane akakuta la mama yake.

Akalirudisha jedwali, akampelekea Gwamaka kikombe, akatoka nje kusimama barazani.

*

Kwa siku tatu hakumwambia mtu. Alifanya alichofundishwa na kaka yake: kabla hujakigusa kiraka, tazama kimegusa nini.

Kati ya wale 213, kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Kumbukumbu za marehemu zilikuwa bado zipo, kwa kuwa betri iliyozikwa haiulizi tena tarehe. Alizifungua zote. Kwa saba hakuona kosa; mioyo yenyewe ilikuwa imefika mwisho. Kwa wanne aliona mstari wa nguvu ya betri ukiteremka, taratibu, kwa miezi mitano. Betri ilikuwa na onyo la jambo hilo. Lakini onyo hulinganisha mwaka huu na mwaka uliopita, na kwa watu hawa kila mwaka uliandikwa juu ya mwaka uliotangulia, tarehe juu ya tarehe, kama daftari moja linalofutwa na kuandikwa upya. Hapakuwa na cha kulinganisha. Wanne hao wangeweza kuonywa, na hawakuonywa.

Kisha akatazama ni nani mwingine aliyewahi kufungua kumbukumbu hizo. Faili la marehemu wa kwanza kati ya wanne lilikuwa limefunguliwa mara moja, Machi 2070, saa nne asubuhi, kwa dakika hamsini. Na A. Mwasomola.

Yaani alijua. Mwaka uliofuata sheria ilibadilika, ikaruhusu mtu ambaye betri yake imepitwa na muda achague: kutia saini kwamba anaendelea nayo, au kuomba upasuaji. Angeweza kusema wakati huo, na sheria ingempokea. Lakini angelazimika kueleza yule mmoja, na miaka mitatu aliyowaficha. Hakusema. Kila Januari aliandika lengo la saba kwa mkono wake mzuri, na wenzake wakamtania.

Siku ya nne Tusekile alishona kiraka chake mwenyewe. Kilimchukua alasiri moja. Kuanzia sasa kumbukumbu za watu wale zingeandikwa Kituoni kwa tarehe ya kweli, kwenye daftari la pembeni, na onyo lingefanya kazi. Betri zenyewe ziliendelea kuamini ni 2067. Kesho yake akaenda kwa Sanga.

Sanga alisikiliza mpaka mwisho. Aliinuka akafunga mlango, akarudi akakaa.

"Hicho cha jana kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Hakuna mwingine atakayekufa bila kuonywa."

"Kwa sababu ya kiraka, hapana."

"Basi umemaliza kazi, dada Tuse. Ukihamia mfumo mpya, kiandike kwenye orodha 'marekebisho ya majira'. Nitatia saini bila kusoma. Mimi hutia saini bila kusoma, hata wakaguzi wanajua."

"Wao hawajui, kaka."

"Nani?"

"Wenye mioyo."

Sanga alivua miwani akaifuta kwa tai. "Funika kombe mwanaharamu apite. Nisikilize. Umebakiza wiki mbili. Ukitangaza, kila ambaye hajatia saini tarehe ishirini betri yake itaanza kupumzishwa kwa sheria. Kuna waliobadilisha namba za simu. Kuna walio porini na nyuki zao. Kuna watakaokimbilia upasuaji wasitoke, na kuna atakayekufa kwa hofu tu akiwa ameshika simu. Wahesabu hao, halafu uniambie ukweli wako umemponya nani."

Tusekile alianza kuwahesabu kwa vidole.

"Na kaka yako," Sanga aliendelea, na sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Nimebeba jeneza lake mimi. Kanisa zima lilisimama. Unataka wafukue?"

"Miaka minane iliyopita walikuwa watatu kati ya kumi," alisema Tusekile. "Wasiotoka kwenye upasuaji. Nimemwuliza daktari. Kwa umri wao wa sasa ni watano. Kila mwaka tuliowafichia, mlango ulikuwa unajifunga, nao hawakujua kuna mlango."

"Nenda nyumbani," Sanga alisema. "Mwone mama. Jumatatu tutaongea."

*

Treni ndogo ya umeme ilimfikisha Tukuyu saa tano asubuhi, mvua ikinyesha ile mvua ya kule isiyo na haraka. Mama Asumwike alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, amejipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, akimenya ndizi mbichi za kupika mbalaga. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Tangu Novemba alivaa nyeusi, hata jikoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ugonile?" Mama aliuliza kwa lugha ya nyumbani kama amelala salama.

"Ndaga."

"Mbona umekuja katikati ya wiki? Wamekufukuza?"

"Bado."

"Chukua kisu. Usikate nyama ya ndizi kama unavyofanya siku zote. Mjini mnamenya kama mnachonga penseli."

Tusekile alichukua kisu, akajipaka mafuta, akamenya. Alimenya tatu kabla hajaanza kusema. Alieleza polepole, kwa maneno ya nyumbani, bila kutaja msimbo: kwamba betri ya Mama ilipaswa kusimama miaka minane iliyopita, kwamba Asumwike aliidanganya mwaka, na kwamba kila Januari aliidanganya tena.

Mama yake hakuacha kumenya. "Kwa hiyo kwa mashine nina miaka mingapi?"

"Sitini na minne."

"Ina adabu kuliko ninyi." Alitupa ganda ndooni. "Ndiyo maana alikuwa ananiuliza kila mwaka mpya, Mama umeamkaje. Nikasema mtoto huyu ana upendo."

"Alikuwa nao, Mama."

"Sijasema hakuwa nao. Nani wengine?"

"Kundi lenu lote. Wale wa wodi moja, wa mwanzo."

Kisu kilisimama. Tusekile alijua kitakachofuata, maana njiani kote alikuwa akilikimbia jina hilo.

"Subilaga," alisema Mama.

"Ndiyo."

"Mama Lugano. Vitanda vyetu viligusana. Tuliwekewa siku moja, yeye asubuhi mimi mchana. Akanicheka nilivyokuwa nalia." Alimtazama binti yake usoni kwa mara ya kwanza. "Alikufa mwaka wa sabini na tatu. Wakasema ni moyo tu. Nilimwosha mimi, Tuse. Mikono hii. Ilikuwa moyo tu?"

"Ilikuwa betri. Ilichoka miezi mitano. Angeweza kuonywa, lakini kile kitu cha kaka kilifuta onyo. Hakukusudia."

"Alijua?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Tusekile aliona kwamba angeweza kusema hapana, na kwamba hakuna mtu duniani angemkanusha.

"Faili la Subilaga hakulifungua," alisema. "Lakini kulikuwa na mwingine kabla yake, miaka mitatu kabla. La huyo alilifungua. Akaona. Akanyamaza."

Mama yake aliiweka ndizi aliyoishika juu ya nyingine, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Machozi hayakuja, uso tu ulilegea, ukawa uso wa mtu aliyekuwa amebeba mzigo mmoja kichwani na ameongezwa wa pili.

"Alikuja msibani," alisema hatimaye. "Kwa Subilaga. Alikaa na Lugano usiku kucha, akamshika bega. Nikajisifu moyoni, nimezaa mtu."

"Alifanya kwa ajili yako, Mama. Alihofia upasuaji. Watatu kati ya kumi."

"Aliniuliza?"

"Hakukuuliza."

"Mwaka ule nilikuwa napanda mlima na mzigo wa kuni. Ningekubali kupasuliwa. Labda ningekufa. Mimi ningekufa, si yeye, na ningekuwa nimesema mwenyewe. Sasa daktari atanikubali?"

"Watano kati ya kumi."

"Basi ametuchagulia wote, na amekwenda, hata kumgombeza siwezi." Alifuta mikono kwenye kitenge, ikabaki na mafuta vile vile. "Wewe mwenyewe unataka nini? Usinitazame mimi. Nimekuuliza wewe."

"Sanga anasema nifunike. Hakuna atakayeumia tena, anasema, na nikisema wapo watakaoumia. Hajadanganya. Nikishatangaza, nina siku kumi na nne za kuwapata watu mia mbili na mmoja bila wewe. Sitawapata wote. Nimelala nalo siku sita, Mama. Kila nikisema nifunike, naona nitakuwa namfanyia mama wa mtu mwingine kile kaka alichokufanyia wewe. Na kila nikisema nitangaze, namwona mzee ambaye simu yake haipatikani."

"Huyo mzee ana mwenyekiti wa kijiji. Ana kanisa. Ana mtu anayemdai kuku." Mama alivuta pumzi. "Mia mbili si wengi. Msiba mmoja wa Tukuyu unawapata watu mia tano kwa siku moja, na hakuna anayetumia mashine. Ila usije ukaniambia tutawapata wote. Nami sitakwambia. Nimekuuliza unataka nini, na bado hujanijibu."

Tusekile alitoa kompyuta kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya jikoni, mbali na mafuta. Aliifungua orodha ya wakaguzi. Mstari wa kumi na saba ulikuwa bado mtupu. Akaandika: Kinaziambia betri za watu 202 mwaka usio wa kweli ili zisisimame. Kimefuta kumbukumbu zao kwa miaka minane. Kimechangia vifo vya watu wanne. Alikishona A. Mwasomola, marehemu. Anayekitangaza ni mdogo wake, T. Mwasomola, wa Kituo hicho hicho.

Alimsomea mama yake. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hapo kwenye marehemu," alisema, "ungeweka neno zuri kidogo."

"Neno gani?"

Mama alifikiri. Midomo yake ilisogea mara mbili. "Acha," alisema. "Tuma."

Tusekile alituma. Orodha ile haikuwa na njia ya kurudisha. Mstari ulifungwa, ukageuka kijivu, na huko Mbeya simu ya Sanga bila shaka ilianza kulia wakati huo huo. Alitoa karatasi ya idhini, akaiweka mbele ya mama yake, akamwonyesha pale pa kuchagua.

Mama aliisoma yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, kidole chini ya kila mstari. Alichagua kubaki na betri. Aliandika jina lake lote, Ambwene Mwasomola, kwa herufi kubwa, na kidole chake kikaacha alama ya mafuta pembeni.

"Mmoja," alisema. "Nipe simu yangu, iko dirishani."

"Tuanze na wa Kiwira. Wako wanane."

"Tutafika Kiwira." Alikuwa tayari anatafuta jina, simu ameishika mbali na macho. "Kwanza Lugano."

"Lugano hayumo kwenye orodha, Mama. Mama yake ndiye aliyekuwemo."

"Najua aliyekuwemo."

Simu iliita mara tatu. Ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya mashine ya kupasulia mbao.

"Mama mdogo, shikamoo," sauti ilisema, ya mtu aliyefurahi kusumbuliwa. "Leo umenikumbuka. Nilikuwa nawaambia hawa, yule mama akininyamazia wiki mbili ujue ana jambo."

"Marahaba, baba. Niko na Tusekile. Ana neno." Akaiweka simu juu ya meza, katikati ya maganda, akaisogeza kwa binti yake.

"Lugano, ni mimi," alisema Tusekile. "Nina habari za mama yako."

"Mama yangu?" Alicheka kidogo, kwa kutoelewa. "Dada, mama yangu si tulimzika?"

"Ndiyo. Ni kuhusu hilo. Jinsi alivyokufa, na nani alijua."

Ngurumo ya mashine ilipungua, ikafa. Mvua ya huku ikasikika pande zote mbili.

"Ngoja nikae," alisema Lugano.

Walisikia ubao ukiburutwa. Mama alimtazama binti yake, kisha akatazama sakafuni. Tusekile alimsubiri Lugano akae, kisha akaanza na jina la kaka yake.